Kustaafia kijijini kandokando ya Ziwa Victoria: maswali ninayoulizwa kila mara

Nilistaafu uuguzi baada ya miaka 31 wodini jijini Mwanza, nikahamia kijiji kimoja cha Misungwi, mwendo wa saa moja na ushee hadi hospitali ya rufaa ya Bugando barabara ikiwa kavu. Tangu hapo haupiti mwezi bila simu ya mstaafu mwenzangu: mafao yametoka au yako njiani, jiji limemchosha, anataka pahali patulivu, aanzie wapi? Majibu yangu nimeyaweka hapa. Ni kwa wanaotafuta upande wetu wa ziwa, hasa mkoa wa Mwanza.

Nianze kutafuta kiwanja au nianze kutafuta kijiji?

Anza na kijiji, na ndani ya kijiji anza na watu. Kiwanja kije mwisho.

Wengi huletwa na dalali Jumamosi saa nne asubuhi. Jua limechangamka, ziwa linang'aa, upepo unapuliza, na kabla ya saa nane mtu ameshatoa malipo ya kwanza. Saa nne asubuhi hakuna kijiji kibaya. Rudi jioni uone vijana wanakaa wapi na wanafanya nini. Rudi siku ya gulio. Pakitokea msiba, nenda ukakae na wafiwa hata kama marehemu hukumjua, utaona kama watu wa pale wanabebana. Kisha keti kwenye benchi la zahanati siku ya kazi, usiulize kitu, usikilize tu: dawa ya presha ipo? Mganga analala kijijini au saa tisa anapanda gari kurudi mjini?

Mimi nikisema utulivu nina maana moja: nikipiga kelele saa nane za usiku, kuna jirani atakayefungua mlango wake.

Nirudi kwetu au ninunue ugenini?

Kwetu kuna makaburi ya wazazi na jina lako linajulikana. Ni mtaji mkubwa. Lakini kwetu pia kuna shamba la baba ambalo halijagawanywa tangu afariki. Nina rafiki aliyejenga nyumba ya vyumba vinne kwenye shamba la aina hiyo akiamini kaka zake wameridhia. Kaka walikuwa wameridhia kweli. Watoto wa kaka hawakuulizwa, na leo ndio wanaomwita mvamizi.

Kama unarudi, itisha kikao cha ukoo kabla ya tofali la kwanza. Mipaka ipimwe kwa miguu ya wote, muhtasari uandikwe, kila mrithi asaini, dada zako wakiwemo, na mtendaji wa kijiji agonge muhuri. Atakayekuambia kuandikishana na ndugu ni kutoaminiana, mwambie unawaandikia wajukuu.

Kipimo changu ni hiki: kama kwenu bado yupo ndugu wa rika lako anayekusubiri kwa moyo, rudi. Kama waliobaki ni vijana wanaokujua kwa jina la "babu wa mjini mwenye mafao", tafuta kijiji cha jirani, ukae karibu nao pasipo kukaa mlangoni kwao.

Nataka nyumba ufukweni kabisa, niyaone maji nikiamka. Kuna ubaya?

Hamu hiyo naielewa, niliwahi kuwa nayo. Ila ufuko wa ziwa letu haufanani na ule wa kwenye kalenda.

La kwanza, sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Mwenye kukuuzia "kiwanja kinachogusa maji" anakuuzia kitu ambacho huwezi kujenga. Tembea na kamba ya kupimia, na upime ziwa likiwa limejaa.

La pili, ziwa linapanda. Wazee wanazisimulia mvua za Uhuru, zile za mwaka 1961 na miaka iliyofuata, ambapo maji yalipanda zaidi ya mita 2 na yakachukua miaka mingi kushuka, kwa kuwa mlango wa kutokea ni mmoja tu, Mto Nile kule Jinja. Mwaka 2020 ziwa lilirudi kwenye kimo kile, na 2024 likakipita. Mstaafu mmoja ninayemfahamu alikuwa amenunua mwaka 2017. Alinionyesha kwa mkono: mipera yake mitatu ilikuwa imesimama majini, matawi ya chini yameshikwa na gugu maji, na ng'ambo ya mipera paa la choo likionekana nusu. Mwenye kumuuzia hapokei simu. Na mahali pa kudai hana, maana eneo lote lilikuwa ndani ya zile mita 60.

La tatu ni mwalo. Kijiji cha ufukweni kina mwalo, pale mitumbwi inapotia nanga na samaki kuuzwa, na mwalo unaenda na mwezi. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu wavuvi hupumzika, na ukifika siku hizo utapakuta kimya, nyavu zimeanikwa, watoto wanacheza. Rudi wakati wa giza: ziwa limewaka taa kama mji, injini zinanguruma hadi alfajiri, wachuuzi wanagombania ndoo, dagaa wametandazwa juani hadi mlangoni mwa watu, na muziki wa vilabu haulali. Wavuvi wanatafuta riziki yao kwa haki, siwalaumu. Ila mtu aliyekuja kutafuta usingizi hatausikia usingizi pale.

Ongeza viboko. Usiku hutoka majini kula majani na bustani, wana njia zao na hawaziachi. Waulize wenyeji njia ya kiboko inapita wapi kabla hujaweka uzio juu yake.

Tafuta mlima. Nyumba iliyo nusu kilomita au kilomita moja kutoka majini, juu kidogo kwenye mawe, inapata upepo uleule na maji unayaona vizuri zaidi.

Wilaya ipi ni bora?

Inategemea mwili wako unahitaji nini. Nitasema ninavyoziona.

Magu ina faida ya barabara ya lami ya kwenda Musoma. Kisesa, palipo na makumbusho ya Bujora, imeshamezwa na jiji, pale usitafute kijiji. Ukipita Nyanguge kuelekea Kahangara mambo yanabadilika: nchi wazi, mpunga, pamba, ng'ombe, upepo. Mvua ni haba kuliko visiwani, na kuni ni shida kweli.

Misungwi ndiko niliko, kwa hiyo nipunguzieni lawama nikiisifia. Mawe, viazi vitamu, watu wa salamu. Usagara, pale njia panda ya kwenda Sengerema, pamekuwa mji. Ingia ndani zaidi.

Sengerema na Buchosa nilikuwa namkataza kila mgonjwa wa moyo. Sababu ilikuwa kivuko. Wodini tulipokea wagonjwa waliokaa Busisi saa mbili, tatu, wakisubiri kuvushwa, na wengine hawakufika. Daraja la Kigongo–Busisi, urefu wake kama kilomita 3, lilifunguliwa tarehe 19 Juni 2025, na sasa ni dakika chache tu umevuka. Siku nilipolipita mara ya kwanza nililia, nikiwakumbuka wale. Wilaya hiyo sasa naipendekeza bila kusita: ina ardhi yenye rutuba, na Sengerema yenyewe ina hospitali ya siku nyingi. Ila wauzaji nao daraja wameliona, kwa hiyo usitarajie bei za zamani.

Ukerewe ni nzuri kuliko zote. Mvua nyingi, machungwa, mihogo, majabali, watu wapole. Lakini ni kisiwa. Nansio, mji wake mkuu, unaenda kwa meli kutoka Mwanza, au unazunguka kwa Bunda na kuvuka Kisorya hadi Rugezi. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikikaribia kisiwa cha Ukara, wakafa zaidi ya watu 220. Ziwa hili linachafuka hasa usiku, mawingu ya radi yanapojikusanya juu ya maji hadi karibu na mapambazuko. Aliyezaliwa Ukerewe arudi Ukerewe, analijua ziwa lake. Mgeni mwenye kisukari au presha isiyotulia, nitamwomba afikirie mara tatu.

Ilemela ya pembeni, Igombe, Kayenze, Sangabuye, inawafaa wanaotaka shamba kidogo na jiji karibu. Hapo uko ndani ya manispaa, taratibu za ardhi ni za mjini: kiwanja kilichopimwa na hati. Kwimba haina ziwa, ila asiyejali maji atapata ukimya mkubwa kuelekea Ngudu. Nje ya mkoa watu huniuliza Muleba na Bukoba: mvua, migomba na kahawa, pazuri mno kwa aliyekulia huko au anayependa kijani.

Hospitali iwe umbali gani?

Usihesabu kilomita. Hesabu dakika, usiku, mwezi wa Aprili.

Safari ya kijijini kwetu ni kilomita chache tu za vumbi kabla ya lami. Mwezi Agosti ni robo saa. Aprili mwaka juzi jirani yangu, mzee wa miaka 71, alipooza upande mmoja saa tano usiku. Bodaboda zilikuwepo tatu, lakini mgonjwa wa kiharusi humpakii pikipiki, hana nguvu ya kushika. Gari la kukodi lilikwama kwenye kijito kimoja ambacho mchana unakiruka kwa hatua. Vijana kumi na wawili walilinyanyua, matope hadi kiunoni. Tulifika saa nane. Yuko hai, anatembea kwa fimbo, na kila mwaka masika yakikaribia anapita nyumbani kwangu kuuliza kama yule dereva bado ana gari.

Kwa hiyo: kabla ya kuchagua, mjue mwenye gari aliye karibu, na siyo mmoja, wawili. Nunua kipimo cha presha chako. Dawa za kila siku ziwepo za miezi miwili mbele. Mtumishi wa umma aliyekuwa akichangia NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya, huendelea kutibiwa akistaafu, yeye na mwenza wake. Watoto hawamo tena. Ulizia mapema ni vituo gani vya karibu vinapokea kadi, na ukumbuke kwamba ili kufika Bugando kwa utaratibu wa kawaida utahitaji rufaa, ukipitia hospitali ya wilaya au ya mkoa, Sekou Toure.

Nimepata eneo. Ninunueje nisitapeliwe?

Kwanza jua ni ardhi ya aina gani. Iliyo ndani ya kijiji inasimamiwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya mwaka 1999. Chini yake mwenye shamba hawezi kumuuzia mtu asiye mkazi kimyakimya: halmashauri ya kijiji lazima iridhie. Karatasi mliyoandikishana mezani, hata ikiwa na mashahidi sita na muhuri wa mwenyekiti wa kitongoji, bila ridhaa hiyo haitakusaidia siku ya kesi. Nimeona watu wazima, wasomi, wakipoteza kiinua mgongo chote hapa, na ndiyo maana ninalirudia kwa kila anayepiga simu.

Nenda ofisi ya kijiji wewe mwenyewe, bila dalali. Mwombe mtendaji akuonyeshe eneo liko kwenye matumizi gani: makazi, malisho, hifadhi? Malisho hayauzwi. Kisha tembea mpaka pamoja na majirani wote wa pande nne. Huku mipaka mingi ni minyaa, na minyaa hukua na kupandwa upya. Mkongwe wa pale ndiye anayejua mstari wa kweli uko wapi. Mwambie muuzaji aje na mke wake na watoto wakubwa. Mke asipotokea, ahirisha. Akitokea akiwa amenuna, ahirisha pia.

Baada ya hapo ombi lako lijadiliwe kwenye kikao cha halmashauri ya kijiji, liandikwe kwenye muhtasari, upewe nakala. Hatua ya mwisho ni hati ya hakimiliki ya kimila. Inachukua muda, fuatilia tu. Iandikwe majina mawili, la mume na la mke.

Maji, umeme na mawasiliano vikoje?

Umeme umefika vijiji karibu vyote, na kuunganishiwa kijijini ni shilingi 27,000 kama nguzo iko karibu. Kama haiko, hapo ndipo pa kuuliza kabla ya kununua. Mtandao wa simu jaribu ukiwa umesimama kwenye kiwanja chenyewe, maana nyuma ya majabali unapotea.

Maji ya vijijini yako chini ya RUWASA, wakala wa serikali wa maji vijijini, na jumuiya za watumia maji. Waulize akina mama foleni ya bombani, wao ndio wenye jibu la kweli: maji yanatoka siku ngapi kwa wiki? Jenga na gata na tanki tangu mwanzo. Maji ya ziwani usiyakanyage wala kuyaoga ovyo. Kichocho kipo kwingi kandokando, kinatoka kwa konokono wa maji ya kina kifupi, kinapenya ngozi ndani ya dakika chache. Maji yaliyochotwa na kutulia siku mbili huwa vijidudu hivyo vimekufa, ila ya kunywa bado uyachemshe. Ukikaa huku, kapime mara kwa mara, dawa ipo na inatibu.

Udongo upi ni wa kujengea?

Luseni, ule wa kichanga wa juu mlimani, na penye mawe. Mbuga, udongo mweusi wa bondeni, unazaa mpunga vizuri lakini unavimba mvua ikinyesha na kupasuka wakati wa kiangazi. Nyumba hupasuka pamoja nao. Bei ya bondeni ni ndogo kwa sababu hiyo.

Mama yangu ni mjane, ana miaka 74, anataka kurudi kuishi peke yake Usukumani. Nina hofu.

Hofu yako ina msingi, na sitakupoza kwa maneno matamu. Kanda yetu imewaua bibi zetu kwa tuhuma za uchawi, wengi wao kwa sababu ya macho mekundu. Macho yale ni moshi. Penye uhaba wa miti mama amepikia mabua ya pamba na samadi kavu kwa miaka hamsini, jikoni hamna dirisha. Nimeyasafisha macho ya namna hiyo wodini, ni uvimbe wa kawaida kabisa. Na mara nyingi ukichimba nyuma ya tuhuma unakuta shamba: mjane ana ekari ambazo mtu fulani anazitaka, na mpiga ramli amelipwa.

Asiishi peke yake penye uwanja wa mbali. Jengeni katikati ya watu. Mpeni jiko la gesi na jiko lenye dirisha. Macho yatibiwe. Ardhi yake iandikwe jina lake, na kikao cha ukoo kijue nani atarithi, ili asiwepo mtu wa kunufaika na kifo chake. Mpelekeni kwa mtendaji, kwa balozi wa nyumba kumi, kwa viongozi wa kanisa au msikiti wake, wamjue kwa sura. Na ninyi watoto mje. Gari la mtoto likisimama mlangoni kila baada ya wiki tatu, kijiji kizima kinaliona.

Niweke mafao kwenye mradi gani?

Mwaka wa kwanza, usiweke. Vizimba vya samaki vinalipa kwa wenye ujuzi na mtaji wa chakula cha samaki, lakini kizimba kinataka mtu wa kukilinda usiku. Panda mihogo, viazi, miti ya matunda, fuga kuku. Ukishaujua msimu mmoja mzima utaamua mwenyewe.

Wenyeji watanipokea?

Watakupokea ukiwapokea. Jifunze kusema *mwangaluka* asubuhi na *mwadila* mchana, na simama unapoamkia; salamu ya kupita na gari huku si salamu. Ingia kwenye nzengo, ule umoja wa majirani, tangu wiki ya kwanza. Nzengo ndiyo inayochimba kaburi, inayobeba mgonjwa, inayomkimbiza mwizi. Ina michango, na asiyefika msibani hutozwa faini. Lipa michango, lakini pia nenda mwenyewe ukabebe maji. Wale vijana kumi na wawili wa usiku ule walikuwa nzengo ya yule mzee.

Nimeshawishika nipange nyumba kwanza kabla ya kununua. Nije lini, nikae muda gani?

Njoo mwishoni mwa Februari, ukae hadi Juni mwanzoni. Utaiona nchi kabla ya masika, utayapata masika yote, na utaona barabara inavyokauka. Chumba ulizia kwa walimu wa shule ya msingi ya pale. Wengi hupanga, wanajua nani ana nyumba yenye bati zima. Leta buti ndefu, tochi mbili, chandarua kipya, dawa zako, na kitabu cha kuandikia siku ambazo gari lilishindwa kufika. Ukifika, kabla hujafungua mizigo, pita kwa mwenyekiti wa kitongoji ujitambulishe.